Kabla ya kugawana noti za babu, someni jina la benki

Aliyewahi kupeleka dola kwenye duka la kubadilisha fedha Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi anaijua kanuni: noti ikiwa ya miaka ya nyuma, mara nyingi hupewi bei kamili, na pengine unarudishiwa mkononi. Ndiyo maana familia nyingi za huku, zikiwamo zenye ndugu Marekani, zimezoea kuamini kuwa dola ikizeeka imekwisha.

Marekani kwenyewe mambo ni tofauti. Noti iliyotolewa na serikali ya nchi hiyo tangu mwaka 1861 bado ni halali kwa thamani iliyoandikwa juu yake. Zaidi ya hapo, zipo noti za zamani ambazo mwenye nazo akinunulia mkate anakuwa ametupa mshahara wa miezi kadhaa bila kujua.

Miongoni mwa hizo ni noti za benki za taifa, zilizotolewa kati ya mwaka 1863 na 1935. Wakusanyaji wa fedha za kale huzitafuta sana, lakini familia nyingi huzikuta kwa bahati: ndani ya Biblia ya bibi, chini ya droo, kwenye kopo la chai au katika sanduku la benki la marehemu. Na hukutwa wakati mbaya kuliko wote, yaani siku za msiba, watu wakiwa wamechoka na kila mmoja akitaka kumaliza mambo haraka.

Watoto wanne, noti nne

Chukua mfano huu. Mzee amefariki dunia katika jimbo la Ohio. Ameacha nyumba, gari, na bahasha yenye noti nne za dola 20, zote za mwaka 1929, zote zenye muhuri wa rangi ya kahawia. Watoto wako wanne. Kwa kutaka amani, kaka mkubwa anampa kila mmoja noti moja ya kumkumbuka baba. Kila mtu anaridhika, kwa kuwa 20 ni 20.

Kumbe hazilingani. Mbili zilitolewa na benki kubwa za San Francisco na New York, na noti za benki hizo zimebaki kwa wingi. Kila moja itauzwa kwa makumi machache ya dola juu ya ile 20 iliyoandikwa. Ya tatu ni ya benki ya mji wa wastani, na inaweza kufika mamia. Ya nne ilitolewa na benki ya mji mdogo wa wakulima iliyodumu miaka michache tu, na noti zake zinazojulikana kubaki zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Hiyo inaweza kufika maelfu ya dola kwenye mnada.

Miaka miwili baadaye mdogo wao anaonyesha noti yake kwa mtu anayezijua, anaelezwa ukweli, anauza. Habari zinawafikia ndugu zake. Wanaamini alijua tangu mwanzo. Hakujua, lakini kwenye ugomvi wa mirathi nani atamsikiliza? Au mambo yanakwenda upande wa pili: aliyepewa ile ya nne alishainunulia mafuta ya gari wiki ileile ya mazishi, na hakuna atakayejua kilichopotea.

Ugomvi wote huo ungeepukwa kwa dakika tano za kusoma maneno yaliyoandikwa kwenye noti. Ila ili mtu ajue asome nini, inafaa ajue kwanza noti hizi zilitoka wapi.

Benki ya mjini, muhuri wa Washington

Marekani ilipoingia kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe mwaka 1861, fedha za karatasi zilizokuwa mikononi mwa watu zilikuwa zimetolewa na benki zilizosajiliwa na majimbo. Kila benki ilikuwa na noti zake, kwa michoro yake yenyewe. Zilikuwapo maelfu ya aina. Mwenye duka alilazimika kuwa na kijitabu cha kumweleza ipi ni ya benki iliyo hai, ipi ni ya benki iliyokufa na ipi ni bandia. Mtu akisafiri mbali na kwao, noti yake ilipokewa kwa pungufu au ilikataliwa.

Serikali ya Rais Abraham Lincoln nayo ilihitaji fedha za kuendeshea vita. Waziri wake wa Fedha, Salmon P. Chase, aliisimamia sheria iliyotiwa saini Februari 25, 1863, na kuandikwa upya mwaka 1864. Sheria hiyo ilianzisha benki za taifa. Jina lisimchanganye msomaji: hazikuwa benki kuu wala mali ya serikali. Zilikuwa benki binafsi za wenyeji wa mji, lakini zilizosajiliwa na serikali kuu badala ya jimbo.

Benki ya namna hiyo ilipotaka kutoa noti ilinunua hatifungani za serikali na kuziweka Hazina mjini Washington. Ikishaziweka, ilichapishiwa noti zenye jina lake, hadi asilimia 90 ya thamani ya hatifungani hizo. Kuanzia mwaka 1900 kiwango hicho kikawa asilimia 100.

Serikali ikapata wanunuzi wa hatifungani, na mwananchi akapata noti isiyokufa pamoja na benki yake. Benki ikifilisika, hatifungani zilikuwapo Hazina na mwenye noti alilipwa. Waliolia ni wale walioweka akiba zao ndani ya benki hiyo.

Mwaka 1865 Bunge la Marekani likaziwekea noti za benki za majimbo kodi ya asilimia 10, na zikatoweka. Uwanja ukabaki kwa benki za taifa. Kuanzia First National Bank of Philadelphia iliyopewa usajili namba 1, zaidi ya benki 12,000 zilitoa noti kwa mpango huu. Mwaka 1900 sheria ililegezwa ili hata mji wenye watu wasiozidi 3,000 uweze kuwa na benki ya taifa kwa mtaji wa dola 25,000. Ndipo miji midogo ya wakulima na wachimba madini ikafungua benki zake kwa wingi. Nyingine zilifungwa baada ya muda mfupi.

Hazina ilichapa michoro ileile kwa nchi nzima, lakini kila noti ilibeba jina la benki na jina la mji. Noti zilifika mjini zikiwa kwenye karatasi nzima, kwa kawaida nne kwa karatasi katika zile za ukubwa wa zamani. Rais wa benki na keshia wake walizitia saini, kisha zikakatwa na kuanza kutumika. Kwa miaka mingi saini hizo ziliandikwa kwa kalamu ya wino. Hivyo mtoto wa leo anaweza kushika noti iliyosainiwa na mtu aliyekuwa jirani wa babu wa babu yake.

Kwa nini zimebaki chache

Noti ikichakaa ilirudishwa Washington, ikaharibiwa, na benki ikapewa mpya. Mwaka 1929 Marekani ilipunguza ukubwa wa noti zake zote, kutoka urefu wa karibu sentimita 19 hadi ule wa karibu sentimita 15.6 unaojulikana leo, na zile kubwa zikaanza kuondolewa. Mwaka 1935 serikali ikazilipa na kuzifuta hatifungani za mwisho zilizokuwa dhamana ya noti hizi. Mpango ukaishia hapo, na noti zilizokuwa mtaani zikaendelea kukusanywa na kuharibiwa.

Wakati wote huo watu hawakuwa na sababu ya kuzihifadhi. Miaka ya 1930 ilikuwa ya dhiki kubwa, benki zilikuwa zikifungwa na ajira zimepotea. Dola 10 ilikuwa chakula cha siku nyingi. Nani angeiacha ndani ya kitabu kwa kuwa ina jina la benki ya kijijini kwake?

Kwa hiyo zilizobaki ni zile zilizosahaulika, zilizofichwa na mtu aliyeogopa benki, au zilizowekwa na familia za maofisa wa benki kama kumbukumbu. Zipo benki ambazo mpaka sasa haijaonekana hata noti yake moja. Benki nyingine zina noti mbili au tatu zinazojulikana dunia nzima.

Kinachoipa noti thamani

Wengi hudhani noti ikiwa ya zamani zaidi ndiyo ghali zaidi, au ya dola 100 lazima iishinde ya dola 5. Wakusanyaji huangalia mambo mengine.

La kwanza ni benki na mji. Benki kubwa kama Bank of America ya San Francisco ilitoa noti nyingi sana za mwaka 1929, na zimebaki nyingi. Noti ya dola 5 ya benki ndogo ya mji wa watu mia chache inaweza kuwa ghali kuliko noti ya dola 100 ya benki kubwa. Wapo wakusanyaji wanaotafuta mji mmoja tu, ule waliozaliwa, na wako tayari kusubiri miaka.

La pili ni mahali penyewe na wakati. Pennsylvania, New York na Ohio zilikuwa na benki nyingi. Nevada, Idaho na Wyoming zilikuwa na chache. Adimu kuliko zote kwa kawaida ni noti zilizotolewa na maeneo kabla hayajawa majimbo kamili. Oklahoma ilipata hadhi ya jimbo mwaka 1907, Arizona mwaka 1912, Alaska na Hawaii mwaka 1959. Noti za kabla ya miaka hiyo huwa na neno linaloonyesha kuwa pale ni eneo, si jimbo. Baadhi zimeuzwa mnadani kwa zaidi ya dola 100,000 kila moja.

La tatu ni hali ya noti. Iliyo safi, isiyokunjwa na yenye saini zinazosomeka hushinda kwa mbali iliyochanika. Hata hivyo benki ikiwa adimu sana, hata noti chakavu hupata mnunuzi, kwa sababu hana nyingine ya kuchagua.

La nne ni aina na namba. Noti za kwanza kabisa za dola 1 na dola 2 ziliacha kutolewa mwanzoni mwa mwaka 1879. Ile ya dola 2 ina tarakimu 2 kubwa iliyolazwa ubavu, na mara nyingi huvuka dola 1,000 hata ikiwa imechakaa. Noti yenye namba 1, yaani ya karatasi ya kwanza ya benki hiyo, nayo hutafutwa sana.

La tano ni watu waliosaini. Benki zilizoongozwa na wanawake zilikuwa chache, na noti zenye saini ya rais mwanamke zina wanunuzi wake. Mjini Chicago ilikuwapo Douglass National Bank, iliyopewa jina la Frederick Douglass na kuongozwa na mfanyabiashara Mmarekani mweusi, Anthony Overton. Ilifungwa mwaka 1932, katikati ya ile dhiki. Noti zake leo ni chache, na ni kumbukumbu ya biashara ya watu weusi wa Marekani.

Saini za Hazina nazo zina historia yake, ingawa si lazima zipandishe bei. Blanche K. Bruce, aliyezaliwa mtumwa na baadaye kuwa seneta wa Mississippi, aliteuliwa kuwa Msajili wa Hazina mwaka 1881. Ndiye Mmarekani mweusi wa kwanza ambaye saini yake ilichapwa kwenye noti za Marekani. Judson Lyons, William Vernon na James Napier walimfuata katika cheo hicho. Noti zenye saini ya Lyons ni nyingi, hivyo jina lake peke yake haliifanyi noti kuwa ghali. Lakini kwa mzazi anayetaka mtoto ajifunze historia kwa kushika kitu, hilo ni somo la jioni nzima.

Namna ya kuisoma noti

Mzazi hahitaji kuwa mtaalamu ili kuchuja. Hatua hizi zinatosha kwa mwanzo.

1. Angalia juu kama pameandikwa "National Currency". Maneno hayo yapo kwenye noti hizi.

2. Soma jina la benki, mji na jimbo. Kwenye noti za 1929 yapo upande wa kushoto kwa wino mweusi. Kwenye zile kubwa yapo katikati.

3. Tafuta namba ya usajili wa benki. Ni tarakimu nene, tofauti na namba ndefu ya noti yenyewe. Benki iliyosajiliwa mapema ina namba ndogo, lakini namba ndogo peke yake si dalili ya bei kubwa.

4. Kwenye noti za 1929, kama badala ya namba ya usajili kuna herufi kubwa kuanzia A hadi L, na jina ni Federal Reserve Bank, hiyo ni ndugu yake tu. Inafanana, ina muhuri uleule wa kahawia na maneno yaleyale juu, lakini ilitolewa na moja ya benki 12 za akiba za serikali. Nyingi kati ya hizo si adimu. Hapa ndipo wengi hufurahi bure.

5. Tazama picha na rangi. Noti za 1929 zina sura za watu walewale wa leo: Lincoln kwenye 5, Hamilton kwenye 10, Jackson kwenye 20. Zile kubwa za mwaka 1902 zina Benjamin Harrison kwenye 5, William McKinley kwenye 10 na Hugh McCulloch kwenye 20. Za 1902 zenye muhuri mwekundu kwa kawaida ni adimu kuliko zenye muhuri wa bluu.

Baada ya hapo, piga picha za mbele na nyuma kwenye mwanga mzuri. Andika jina la benki, mji, namba ya usajili na namba ya noti kwenye daftari. Orodha hiyo iwe mikononi mwa warithi wote kabla noti hata moja haijatoka nyumbani.

Makosa yanayokula bei

Kosa la kwanza ni usafi. Mtu anaona noti ina doa, anaiosha kwa sabuni, anaipiga pasi ili ipendeze mbele ya mnunuzi. Mtu mwenye uzoefu hutambua mara moja, na bei hushuka. Noti iliyosafishwa haiwezi kurudi ilivyokuwa.

Kosa la pili ni gundi na selotepu. Mchaniko mdogo uachwe ulivyo. Selotepu huacha rangi ya njano na huondoka na nyuzi za karatasi.

Kosa la tatu ni mahali pa kuhifadhi. Mifuko ya plastiki laini yenye PVC hutoa kemikali inayodhuru karatasi. Ipo mifuko maalumu isiyo na PVC inayouzwa kwa ajili ya noti. Ikikosekana, bahasha safi ndani ya kitabu kigumu, mahali pakavu na pasipo jua, inafaa kwa muda. Pochi haifai, wala fremu ukutani mbele ya dirisha.

Kosa la nne ni kujitangaza. Picha ya noti ya bibi kwenye kundi la familia si tatizo. Kuiweka mtandaoni kwa watu wote, pamoja na jina la mtaa na maelezo kuwa nyumba haina mtu tangu mazishi, ni kuwaita wezi.

Bei ya kweli hupatikanaje

Anayeandika kwenye mtandao kuwa anauza noti kwa dola 9,000 hajathibitisha kuwa ina thamani hiyo. Ameonyesha tamaa yake tu. Bei ya kweli ni ile ambayo mtu amekwisha kulipa. Nyumba kubwa za mnada wa fedha za kale, kama Heritage Auctions ya Dallas na Stack's Bowers, huweka mtandaoni kumbukumbu za bei zilizofikiwa. Mtu anaweza kutafuta kwa jina la benki au mji na kuona noti ya benki ileile, aina ileile na hali inayokaribiana iliuzwaje.

Kipo pia chama cha wakusanyaji kilichoanzishwa mwaka 1961, Society of Paper Money Collectors, na kwa miongo mingi wakusanyaji wa noti hizi wameweka kumbukumbu ya zile zinazojulikana kubaki, benki kwa benki. Ndiyo maana swali la kwanza la mtaalamu huwa, "Ni ya benki gani?" Mwaka wa noti atauuliza baadaye.

Noti ikionekana kuwa na thamani ya mamia au zaidi, inafaa ipelekwe kwa kampuni huru za kupima ubora, kama PMG au PCGS. Huthibitisha kuwa ni halisi, huipa daraja kati ya 1 na 70, na huifunga kwenye plastiki maalumu. Huduma hiyo ina gharama, hivyo haina maana kwa noti ya dola 60.

Anayetaka kuuza asiishie kwa mnunuzi mmoja. Anayekadiria bei na papo hapo anataka kununua ana masilahi pande zote mbili. Maoni ya watu wawili au watatu ni kinga, na mnunuzi mwaminifu hakasiriki akiambiwa, "Ngoja niongee na ndugu zangu."

Bandia na matapeli

Madukani Marekani kuna nakala nyingi za noti za kale zinazouzwa kama mapambo au za kufundishia watoto. Nyingi zimechapwa kwenye karatasi ya kahawia inayokauka na kulia kama jani kavu. Noti halisi ina karatasi imara yenye nyuzi za hariri, na wino wake ukiupapasa kwa kidole unahisi umeinuka. Zikiwapo noti mbili nyumbani zenye namba ileile ndefu, benki ileile na herufi zilezile, hizo ni nakala.

Kwa familia za Afrika Mashariki hatari iko karibu zaidi. Nchini Kenya utapeli wa fedha unaoitwa "wash wash" umekula akiba za watu wengi, na tapeli wa aina hiyo hapungukiwi hadithi. Akija mtu na sanduku la "dola za kale za mamilioni" akitaka mtangulizie kiasi cha kuzitoa forodhani, kuzisafisha au kuzisajili, jibu ni hapana. Noti halisi ya kukusanywa haihitaji kuoshwa wala kugombolewa. Huuzwa kwa mnada wa wazi, na ada ya mnada hukatwa kwenye mauzo.

Wapo pia Watanzania, Wakenya na Wakongo wengi wanaofanya kazi ya kuhudumia wazee Marekani. Mzee akimpa mhudumu "noti ya zamani, chukua mwanangu", heshima na usalama wa kazi vinadai jambo moja: familia ya mzee ijulishwe kwanza. Kinachoonekana kuwa zawadi ya dola 10 kinaweza kuwa mali kubwa, na anayeulizwa baadaye ni yule aliyekuwa na ufunguo wa nyumba.

Sanduku la bibi wa huku

Kanuni hii haiishii Marekani. Noti za muda ambazo utawala wa Wajerumani uliziotoa Afrika Mashariki kati ya mwaka 1915 na 1917, wakati wa vita, zimetimiza zaidi ya miaka 100. Zilichapwa kwa wingi, na nyingi huuzwa kwa bei ndogo. Noti za rupia za Serikali ya Zanzibar, zilizoanza kutolewa mwaka 1908, nazo ni za enzi hizohizo, lakini zilizobaki ni chache mno na wakusanyaji huzilipia fedha nyingi. Umri wao unakaribiana, bei zao ni mbingu na ardhi. Kwa hiyo hata sanduku la Pemba au Tanga lifunguliwe taratibu.

Kugawana bila kuumizana

Kwa warithi, njia ya haki ni kutogawana kwa namba iliyoandikwa. Orodheshweni noti zote, zikadiriwe kwa bei za mnada, kisha ichaguliwe moja kati ya njia mbili. Ama ziuzwe na fedha zigawanywe, ama anayetaka noti fulani aichukue kwa thamani iliyokadiriwa na fungu lake lingine lipunguzwe. Makubaliano yaandikwe na kila mmoja atie saini. Ndugu wakubwa wasione aibu kudai maandishi. Mali bila daftari huisha bila habari.

Mzazi aliye hai anaweza kurahisisha zaidi. Akiwa na noti ya namna hii, aandike kwenye karatasi ndogo: ilitoka kwa nani, lini, na kwa nini ilitunzwa. Karatasi hiyo ikae bahasha moja na noti. Kisha awaite watoto, awaonyeshe jina la benki, wautafute mji huo kwenye ramani ya simu. Wakati mwingine watakuta mji wenye taa na shule. Wakati mwingine watakuta shamba tu, na jina la mji limebaki kwenye karatasi waliyoishika.